Maswali ya Wasomaji: Kuipanga Makala ya Kitaaluma, Kuanzia Jina la Mwandishi hadi Sauti ya Mwanika Dagaa

Barua zilizotufikia mwezi huu kutoka Malimbe, Igoma na Buswelu hapa Mwanza, na ng'ambo ya maji huko Ukerewe, zimefanana kuliko kawaida. Muhula unakaribia kufungwa, walimu wanarudisha kazi, na wasomaji wetu wengi wanaosoma sosholojia, elimu, uchumi na maendeleo ya jamii wanalalamika kwamba wamepunguziwa alama kwa kile wanachokiita mambo ya mapambo, yaani pambizo, nukta, mabano na orodha ya marejeo. Nimechagua barua sita, nikazifupisha bila kugeuza maana, na majina ya walioziandika nimeyahifadhi.

Shikamoo mwalimu. Ninasoma sosholojia mwaka wa tatu na ninakaa Malimbe. Makala yangu kuhusu wachuuzi wa samaki imerudishwa ikiwa na maneno mawili tu ya kalamu nyekundu: "Fuata APA." Wenzangu wananishauri nichukue kazi ya mwaka jana ninakili mpangilio wake. APA ni nini hasa, na nianzie wapi?

Marahaba, mwanangu. APA ni kifupi cha jina la Kiingereza la Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, na mtindo unaoitwa kwa jina hilo ni mkusanyiko wa kanuni za kuandika, kupanga na kurejelea ambazo chama hicho kimekuwa kikizichapisha na kuzirekebisha kwa miaka mingi. Mwanzo wake ni makala ya kurasa saba iliyotoka mwaka 1929 katika jarida la saikolojia, iliyoandikwa na wanasaikolojia, wanaanthropolojia na mameneja wa biashara waliotaka maandishi ya kisayansi yawe rahisi kusomeka. Leo ni kitabu kizima, na toleo lake la saba lilitoka Oktoba 2019.

Ushauri wa wenzako usiufuate. Kazi ya mwaka jana huenda ilinakiliwa kutoka ya mwaka juzi, na hiyo kutoka ya kabla yake, hadi utajikuta unafuata toleo la sita la mwaka 2009 bila kujua. Dalili zake hazijifichi. Ukiona katika orodha ya marejeo jina la mji limetangulia jina la mchapishaji, au ukaona chanzo chenye waandishi watatu kimetajwa kwa majina yote matatu mara ya kwanza, fahamu kwamba umeshika mpangilio wa zamani. Katika toleo la saba mji umeondolewa, na chanzo chenye waandishi watatu au zaidi hutajwa kwa jina la wa kwanza na "na wenzake" tangu mara ya kwanza kabisa. Mwanafunzi pia hadaiwi tena kuweka kichwa kifupi cha makala juu ya kila ukurasa, isipokuwa mwalimu wake akitaka. Namba ya ukurasa upande wa juu kulia inatosha.

Anzia kwenye karatasi yenyewe. Pambizo ni sentimita 2.54 pande zote nne, nafasi kati ya mistari ni maradufu kuanzia ukurasa wa kwanza hadi mwisho wa marejeo, na mstari wa kwanza wa kila aya huingizwa ndani sentimita 1.27. Fonti inaweza kuwa Times New Roman ya ukubwa wa 12, au Calibri au Arial ya ukubwa wa 11, mradi uliyoichagua idumu katika kazi yote. Ukurasa wa kwanza unabeba kichwa cha makala kwa herufi nzito, jina lako, idara na chuo, jina na namba ya kozi, jina la mwalimu, na tarehe ya kuwasilisha. Ukiombwa ikisiri, yaani muhtasari wa makala, isizidi maneno 250. Jambo moja huwashangaza wengi: sehemu ya utangulizi katika mtindo huu haiandikwi neno "Utangulizi" juu yake. Kichwa cha makala hurudiwa juu ya ukurasa wa kwanza wa matini, kisha maelezo yanaanza, kwa sababu msomaji anajua kwamba kinachokuja mwanzoni ni utangulizi.

Kazi ngumu iko kwenye marejeo, na hapo ndipo nakuomba utumie muda wako. Kila chanzo ulichokitaja ndani ya matini lazima kionekane katika orodha ya mwisho, na kila kilichomo katika orodha lazima kiwe kimetajwa ndani. Nilipokuwa mwanafunzi nilirudishiwa tasnifu kwa sababu vyanzo kumi na kimoja nilivyovitaja ndani havikuwamo katika orodha. Nilikuwa nimehamisha aya kutoka rasimu moja hadi nyingine bila kuhamisha marejeo yake. Nilikaa usiku wa siku mbili mezani na rula na kalamu, na chanzo kimoja sikukipata tena kamwe, ikabidi niifute aya nzima ambayo hadi leo naamini ilikuwa na hoja nzuri. Mtahini hakuwa na kosa. Angewezaje kuipima hoja ambayo asili yake mimi mwenyewe nilishindwa kumwonyesha?

Siku hizi kuna njia nyepesi. Fungua makala yako kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na F, kisha tafuta alama ya mabano ya kufungua. Kwa kuwa mtindo huu huweka mwaka ndani ya mabano hata pale jina la mwandishi linapokuwa ndani ya sentensi, mashine itakusimamisha kwenye kila urejeleaji, mmoja baada ya mwingine. Uwe umechapisha orodha ya marejeo kando, na kila unaposimama weka alama ya vema mbele ya chanzo husika. Mwishoni, chanzo kisicho na alama kiondoe, na urejeleaji uliokosa mwenzake kwenye orodha uutafutie.

Kabla ya yote hayo, ulizia mwongozo wa idara yako. Kitabu cha APA hakikijui chuo chako. Idara ikitaka kazi igawanywe katika sura, au pambizo ya kushoto iwe pana zaidi ili maandishi yasimezwe wakati wa kubana kitabu, agizo la idara ndilo linaloshinda.

Mwalimu, nina majina matatu: langu, la baba na la babu. Katika makala niliyoandika na mwalimu wangu nimerejelewa kwa jina la babu, lakini katika kitambulisho changu cha chuo la mwisho ni la baba. Je, ukoo wangu ni upi? Na ninaposoma vitabu vya Watanzania wengine, nijuaje jina gani litangulie? Msomaji, Igoma.

Swali lako ni zuri, na miongozo mingi huliruka kwa sababu iliandikwa mahali ambapo kila mtu ana jina la ukoo lililo wazi. Mpangilio wa marejeo unadai jina moja litangulie, kisha koma, kisha herufi za kwanza za majina mengine. Huku kwetu, jina la mwisho laweza kuwa la baba, la babu, la ukoo au la mume, na si kosa la mtu yeyote.

Angalia mfano ulio karibu nasi, huko Butiama. Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alipewa jina la Kambarage akiwa mtoto mchanga, akapata la Julius alipobatizwa mwaka 1943, na Nyerere lilikuwa jina la baba yake, Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Katika marejeo huandikwa Nyerere, J. K., yaani jina la baba ndilo linalosimama mbele. Angekuwa ameamua kuchapisha maandiko yake kwa jina la Burito, basi tungemfuata huko. Kanuni ni kwamba unaandika jina kama mwenyewe alivyolichapisha kwenye kazi unayoirejelea, na la mwisho katika mpangilio wake ndilo unalolitanguliza, isipokuwa yeye mwenyewe au jarida limeonyesha vinginevyo. Usimsahihishe mtu jina lake kwa kuwa wewe unaijua familia yao.

Kuhusu wewe mwenyewe, amua mapema, na ukishaamua usibadilike. Nimekutana na msomi ambaye maandiko yake yamegawanyika katika majina matatu, na anayetafuta kazi zake hudhani ni watu watatu. Akina dada wanaoolewa katikati ya masomo wanalijua tatizo hili vizuri zaidi kuliko mimi. Jisajili upate namba ya ORCID, ambayo ina tarakimu 16, haina malipo, na imekuwa ikitolewa tangu mwaka 2012 kwa ajili ya kumtambulisha mtafiti hata jina lake likibadilika au likifanana na la mwingine. Ukiwa na namba hiyo, la baba au la babu, kazi zako zitakaa pamoja.

Kuna jambo dogo linaloambatana na hili. Kanda yetu ina akina Masanja wengi, na pwani ina akina Juma wengi. Ukirejelea waandishi wawili tofauti wenye jina moja la mwisho, weka herufi za kwanza za majina yao mengine kila unapowataja ndani ya matini, hata kama miaka ya kazi zao haifanani. Na pale taasisi inapokuwa ndiyo mwandishi, liandike jina lake zima. Ripoti ya sensa, kwa mfano, mwandishi wake ni Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Mara ya kwanza utaandika jina kamili pamoja na NBS, kifupi cha jina lake la Kiingereza, na baadaye kifupi peke yake. Kwa kuwa ofisi hiyo ndiyo pia mchapishaji, jina lake halirudiwi mwishoni mwa rejeo.

Ninafanya shahada ya uzamili na nyumbani kwetu ni Nansio. Nimewasaili wanawake 32 wanaoanika dagaa katika mialo mitatu, wengine kwa Kikerewe, wachache kwa Kisukuma, wengi kwa Kiswahili, na tasnifu ninaiandika kwa Kiingereza. Msimamizi mmoja ananiambia niyarejelee maneno yao kama mawasiliano binafsi, mwingine anakataa. Pia kuna mzee aliyenisimulia jinsi mwalo wetu ulivyoanza, naye anataka jina lake liandikwe. Nifanyeje?

Ndugu yangu, nimeisoma barua yako mara tatu, na kwa hakika ndiyo iliyonifanya nitenge safu nzima kwa jambo hili. Katika utafiti wako umesikiliza watu wa aina mbili tofauti, na pengine ya tatu, na kila aina ina mahali pake.

Wanawake 32 ni washiriki wa utafiti. Maneno yao ni data yako. Hayawi mawasiliano binafsi na hayaingii katika orodha ya marejeo, kwa hiyo msimamizi wako wa pili yuko sahihi. Unayaleta ndani ya matini kama maneno ya mshiriki, na unamtambulisha kwa jina la kubuni au kwa namba, baada ya kueleza katika sehemu ya mbinu ni nani waliosailiwa, walipatikanaje na walikubalije. Huko kwenye mbinu ndiko pia unakoeleza kwamba usaili ulifanyika kwa lugha tatu, nani aliyetafsiri, na kama tafsiri ilirudiwa na mtu wa pili. Kama uliwasaili siku za mbalamwezi, ambapo wavuvi wa dagaa hupumzika kwa kuwa taa zao hazivuti samaki vyema mwezi ukiwaka, liseme, kwa sababu mwanamke aliyesailiwa akiwa hana mzigo kichanjani hujibu kwa utulivu kuliko aliyesailiwa wingu la mvua likiwa juu ya dagaa wake.

Maneno ya mshiriki yakiwa chini ya 40, yanakaa ndani ya aya yako kwa alama za kufungua na kufunga usemi. Yakifika 40 au zaidi, yanaanza mstari mpya, yote yanaingizwa ndani sentimita 1.27, nafasi ya mistari inabaki maradufu, na alama za usemi zinaondoka kwa sababu umbo lenyewe limeshaonyesha kwamba anayesema ni mwingine. Hesabu maneno ya tafsiri unayoiweka kwenye ukurasa. Kuhusu maandiko ya kuchapishwa kuna kanuni ambayo wengi hawaijui: ukinukuu kitabu cha Kiswahili kwa tafsiri yako mwenyewe ya Kiingereza bila kuweka maneno ya asili, mtindo huu unayachukulia maneno hayo kuwa maelezo yako kwa mujibu wa mwandishi, na haulazimishi alama za usemi. Kwa hiyo, ukiona uzito wa maneno umo katika Kiswahili chenyewe, yaweke maneno ya asili, kisha tafsiri yake. Mimi napenda njia hiyo hata pale inapoongeza kurasa, kwa sababu mtu wa Nansio atakayeisoma tasnifu yako ataisikia sauti anayoijua. Neno kama "mwalo", ambalo msomaji wa Kiingereza halijui, liandike kwa herufi za mlazo mara ya kwanza, lieleze maana yake, na baada ya hapo liandike kwa herufi za kawaida.

Sasa nije kwenye jambo linalonitia wasiwasi zaidi. Kuandika "Mshiriki wa 7" hakutoshi kumficha mtu. Nilisoma rasimu moja ambayo chini ya kila nukuu palikuwa na maelezo katika mabano: mjane, umri wa miaka 41, mwenye mitumbwi miwili, na jina la mwalo. Jina lake halikuwapo, lakini katika mwalo wenye kaya mia moja, mjane wa umri huo mwenye mitumbwi miwili ni mmoja, na mtoto yeyote pale angekuonyesha nyumba yake. Na alichokuwa akikisema katika nukuu ile kilihusu wanaume wanaodai wanawake fadhila nyingine kabla ya kuwauzia dagaa. Mwandishi alikuwa ametimiza kila kanuni ya mabano na nukta, huku amemwacha yule mama wazi mbele ya watu anaowategemea kwa chakula cha watoto wake. Toa umri kwa makundi, kama vile kati ya miaka 40 na 49. Taja kisiwa au wilaya badala ya mwalo. Usiiweke hali ya ndoa, idadi ya vyombo na mahali katika mstari mmoja. Tunga jedwali moja la sifa za washiriki kwa ujumla, na katika nukuu bakiza alama moja tu inayomsaidia msomaji kuelewa.

Aina ya pili ni mtu uliyezungumza naye kama mjuzi, nje ya washiriki wako, kama vile afisa uvuvi aliyekufafanulia utaratibu wa leseni kwa simu. Huyo ndiye hurejelewa kama mawasiliano binafsi: ndani ya matini unaandika herufi za kwanza za majina yake, jina la mwisho, maneno "mawasiliano binafsi", na tarehe kamili. Katika orodha haingii, kwa sababu msomaji hawezi kuyapata mazungumzo hayo popote.

Mzee wako ana hadhi ya pekee, na nimefurahi kwamba toleo la saba limewafikiria wazee wa namna yake. Kwa mapokeo ya mdomo ambayo hayajarekodiwa mahali yanapoweza kupatikana, mwongozo unataka jina kamili la msimulizi, jamii anayotoka, mahali anapoishi na tarehe ya masimulizi, yote ndani ya matini, pamoja na maelezo mengine yanayofaa. Kama masimulizi hayo yamehifadhiwa katika kanda au maktaba, basi unarejelea hifadhi hiyo na inaingia katika orodha. Yeye anataka jina lake liandikwe, na kulificha kungekuwa kumdhulumu. Hata hivyo rudi kwake na maandishi uliyoyaandika, msomee, umuulize kama kuna sehemu isiyopaswa kutoka nje ya ukoo. Nauli ya pantoni kwenda kumsomea mzee kurasa nne imo katika gharama za utafiti.

Mimi ni mwalimu wa sekondari Buswelu, ninasoma jioni. Majedwali yangu yote yamezungushiwa duara. Kuna mahali mtahini ameandika "mistari ya nini?" na mahali pengine "62.50% ya watu 32?"

Ndugu yangu, mtahini wako amekusaidia. Katika mtindo huu namba ya jedwali hukaa juu kwa herufi nzito, kichwa chake mstari unaofuata kwa herufi za mlazo, na maelezo ya ziada chini ya jedwali. Mistari ya wima haipo kabisa. Mistari ya mlalo inabaki pale tu inapohitajika, kwa kawaida juu ya jedwali, chini ya vichwa vya safu, na mwishoni. Programu ya kompyuta ndiyo inayokuchorea vile visanduku. Viondoe, na utaona namba zinapumua.

Kuhusu asilimia, 62.50 ya watu 32 ni watu 20. Tarakimu mbili baada ya nukta zinadai usahihi ambao sampuli ndogo hiyo haina. Andika "20 kati ya 32", na kama asilimia inahitajika iwe 62.5 au 63. Ukitumia takwimu za taifa, hali ni tofauti: Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 3,699,872 mkoani Mwanza, na katika jedwali namba hiyo inafaa kukaa kamili, ingawa katika matini "takriban milioni 3.7" inasomeka vizuri zaidi. Idadi zilizo chini ya 10 huandikwa kwa maneno na kuanzia 10 kwa tarakimu, isipokuwa zinapoambatana na kipimo, kama kilo 5. Na kwa vipimo vya kitakwimu ambavyo haviwezi kuzidi moja, kama vile thamani ya p, sifuri ya mbele haiwekwi, huandikwa .03.

Nilimwomba ChatGPT anitafutie marejeo kuhusu uvuvi wa sangara Ziwa Victoria. Amenipa kumi, yamepangwa kwa APA vizuri sana. Naweza kuyatumia?

Usiyatumie kabla hujaushika kila chanzo kwa mkono wako. Programu za akili mnemba hutunga maneno kwa kufuata mazoea ya maandishi mengine, kwa hiyo zinaweza kukupa jina la mwandishi wa kweli, jarida la kweli na mwaka unaoaminika kwa makala ambayo haijawahi kuandikwa. Ule upangaji wa kupendeza ndio unaowapumbaza wanafunzi. Makala nyingi za majarida siku hizi zina namba ya kudumu iitwayo DOI. Iandike baada ya doi.org/ kwenye kivinjari chako uone inakupeleka wapi. Ikikupeleka kwenye makala nyingine, au isifike popote, futa rejeo hilo. Ikifika, isome makala yenyewe kabla ya kuitaja. Makala isiyo na DOI itafute kwa kichwa chake katika tovuti ya jarida, au mwombe mkutubi akusaidie.

Shikamoo mwalimu. Niliipanga tasnifu yangu vizuri nyumbani, nikaipeleka steshenari kwa fleshi kuchapisha na kubana. Ilipotoka, kurasa zilikuwa zimehama, majedwali yamekatika katikati, na namba za yaliyomo hazilingani na chochote. Nimelipa nakala nne. Kosa ni la nani?

Marahaba. Pole sana kwa gharama hiyo, na naomba usigombane na yule kijana wa steshenari. Sababu za kawaida ni mbili. Ya kwanza, fonti uliyoitumia haimo katika kompyuta yake, kwa hiyo mashine imeweka nyingine yenye upana tofauti. Ya pili, faili lako limewekwa kwa karatasi ya kipimo cha Marekani, ambayo ina upana wa sentimita 21.59 na urefu wa sentimita 27.94, ilhali karatasi iliyomo katika mashine yake ni A4, yaani sentimita 21 kwa 29.7. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini katika kazi ya kurasa 90 inatosha kuhamisha kila kitu.

Weka A4 siku ya kwanza unapofungua faili, kabla hujaandika neno. Usisogeze ukurasa kwa kubonyeza Enter mara kumi na mbili. Bonyeza Ctrl na Enter kwa pamoja, ukurasa mpya utaanza na utabaki hapo. Orodha ya marejeo, ambayo mstari wa pili wa kila rejeo huingizwa ndani, usiipange kwa kubonyeza nafasi. Iteue yote kisha bonyeza Ctrl na T. Vichwa vya sehemu vipe mtindo wa vichwa uliomo ndani ya programu, ili ukurasa wa yaliyomo ujitengeneze wenyewe na namba zake zisahihishwe kwa kubofya mara moja. Ukimaliza, hifadhi nakala kwa mfumo wa PDF, ambao fonti na kurasa zake hazihami, na hiyo ndiyo uipeleke kwenye fleshi. Ifungue kwanza kwenye simu yako ukiwa umesimama pale kaunta, linganisha namba tatu au nne za yaliyomo na kurasa zake, kisha umwombe achapishe nakala moja uitazame kabla ya zile nyingine tatu.